Milango ya Ndani ya Nyumba ya Kasikeu

Nyumba za matofali ya kuchoma zilizojengwa Makueni katika miaka ya 1960 na 1970 zilitoka ardhini pale pale ziliposimama. Udongo ulichimbwa kiwanjani, ukakandwa kwa miguu, ukatiwa kwenye kalibu, ukaanikwa, kisha matofali yakapangwa tanuri na kuchomwa kwa kuni za shambani. Mchanga ulitoka mtoni, maji yakabebwa kwa madebe. Mabati yalinunuliwa machache machache, mshahara kwa mshahara. Kitu kimoja hakikupatikana kwa nguvu za mikono ya nyumbani, nacho ni mlango. Mlango ulidai mbao zilizokauka sawasawa, seremala aliyejua kazi yake, bawaba, skrubu na kitasa. Ndiyo sababu familia nyingi zilihamia nyumba mpya zikiwa na mlango wa mbele peke yake. Vyumbani palining'inia mapazia, na milango ya ndani ikafuata mmoja baada ya mwingine, pesa zilipopatikana.

Kwetu Kasikeu mambo yalikwenda hivyo hivyo. Baba alikuwa kibarua wa reli, katika gengi lililotunza njia upande wa Sultan Hamud, enzi za Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Reli hiyo ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Nairobi mwaka 1899, na stesheni yetu ikabaki na jina la aliyekuwa Sultani wa Zanzibar wakati huo, Hamoud bin Mohammed. Karibu na stesheni palikuwa na nyumba iliyokuwa ikibomolewa, na baba akanunua milango yake mitatu, akaileta nyumbani kwa mkokoteni wa ng'ombe. Miwili mingine aliagiza kwa seremala baadaye. Maana yake ni kwamba mitatu kati ya milango yetu mitano ilikuwa imeshazeeka mahali pengine kabla haijaingia kwetu. Ule wa chumba cha wazazi ulikuwa na makovu ya bawaba pande zote mbili: kule ulikotoka ulifungukia kushoto, kwetu ukafungukia kulia.

Makovu hayo niliyaona tangu utoto bila kuyatilia maanani. Niliyaelewa tulipoanza kuikarabati nyumba kwa ajili ya mama, baada ya miguu yake kuanza kumsumbua na daktari kumpa kiegemeo cha kutembelea chenye miguu minne. Ndugu zangu waligawanyika. Wengine walitaka milango yote itupwe, tununue mipya kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Emali, ile myepesi ya plaiwudi iliyobandikwa pande mbili za fremu nyembamba na ndani kukaachwa wazi. Wengine walitaka ya zamani irudishwe ilivyokuwa siku za baba. Mimi nilikuja kuamini kwamba pande zote mbili zilikuwa zimekosa jambo lile lile. Milango ile haikuwahi kuwa na hali moja ya kurudishiwa. Ilikuwa imekatwa, imegeuzwa, imechongwa upya kila ilipopata wenyeji wapya, na sasa zamu hiyo ilikuwa imefika tena.

Mama aliulizwa. Alisema, “Hii milango haijanikosea. Kinachonisumbua ni kupita.”

Fundi tuliyemwita ni mzee wa Sultan Hamud ambaye amefanya kazi ya mbao maisha yake yote. Alimwamkia mama, akamwita Mwaitu, yaani mama, kama tunavyomwita sisi, akaomba kisu cha jikoni. Alizunguka nyumba nzima akidunga ncha ya kisu kwenye mbao: chini ya mlango, juu ya mlango, nyuma ya bawaba, chini ya fremu. Mbao nzima hukikataa kisu. Mbao iliyoliwa au kuoza hukimeza. Hakusema neno mpaka alipomaliza, ndipo akatuambia kwamba milango yenyewe ni mizima, ila fremu zake zote zimekwisha kwenye kisigino.

Jambo hilo lilitushangaza, lakini ukilifikiri lina sababu iliyo wazi. Zamani fremu zilikuwa zikisimikwa kabla ya sakafu kumwagwa. Miguu yake ilizamishwa ardhini kidogo ili isimame imara, kisha saruji ikamwagwa kuizunguka. Mchwa wa Ukambani hawahitaji kualikwa. Walipanda kutoka chini ya sakafu, ndani ya mbao, bila kuonekana, wakila kiini na kuacha ngozi ya rangi. Mlango unaoning'inia hewani haugusi udongo, kwa hiyo ulisalimika. Watu wengi huona fremu imebomoka, mlango umeinama, wakahukumu vyote viwili pamoja na kuvitupa. Hapo ndipo mali nyingi imepotea katika nyumba zetu, na inaniuma kila ninapoona mlango mzito wa paneli umegeuzwa kuwa ua wa kuku.

Milango yenyewe ilikuwa ya podo. Mti huu wa misitu yetu ya nyanda za juu ulikuwa mbao ya kawaida ya ujenzi Kenya kwa miongo mingi: rangi ya manjano hafifu, nyuzi zilizonyooka, bila harufu, unaolainika vizuri chini ya randa. Leo podo iliyokomaa haipatikani kwa urahisi, na kwa jinsi tunavyopaswa kuilinda misitu hiyo ni heri iwe hivyo. Mbao zilizochukua mahali pake ni za saipresi ya mashambani na mkaratusi, nazo mara nyingi huuzwa mbichi. Hali ilizidi kuwa ngumu Februari 2018, serikali iliposimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii kwa siku 90. Muda huo uliongezwa tena na tena, hata Julai 2023 Rais William Ruto akatangaza kuuondoa. Katika miaka hiyo bei ya mbao ilipanda, na mbao ambayo haijakauka ilipata wanunuzi ambao zamani wangeikataa. Mlango wa zamani uliokwisha kukauka kwa miaka hamsini ni hazina ambayo hakuna duka linaloweza kukuuzia. Uliotaka kupinda ulishapinda, uliotaka kupasuka ulishapasuka.

Kwa fremu mpya, fundi alikuwa na neno moja tu: mukau. Wasomi wanauita Melia volkensii. Ni mti wa nchi kavu, asili yake ni Ethiopia, Somalia, Kenya na Tanzania, na hapa kwetu kila mkulima mwenye umri anaujua kwa sababu majani yake hulisha mbuzi wakati wa kiangazi. Mbao yake ni nyekundu ya kahawia, inafanana na mahogani, na mchwa hawaipendi. Shida yake ilikuwa mbegu. Kokwa la mukau ni gumu mno, na mbegu ndani yake haioti kwa urahisi mpaka kokwa lipasuliwe kwa uangalifu na ngozi ya mbegu ichanwe. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, kupitia kituo chake cha Kitui na kwa ushirikiano na Wajapani wa JICA, ilitumia miaka mingi kutafuta njia ya kuotesha mbegu hiyo na kuchagua miti bora, na leo kuna mashamba ya mbegu Tiva na Kibwezi. Wakulima wa Kitui na Makueni waliopanda mukau miaka kumi na mitano iliyopita sasa wanavuna mbao. Fremu zetu zilitoka kwa mkulima wa aina hiyo. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nyumba ile, sehemu ya mlango ilitoka kwenye ardhi ya Ukambani, kama yalivyotoka matofali.

Kuitoa milango kulihitaji subira kuliko nguvu. Vichwa vya skrubu vilikuwa vimezikwa chini ya rangi. Ukitia bisibisi juu ya rangi, inateleza na kukwangua mfereji wa skrubu, na ukishakwanguka hakuna tena pa kushikia. Fundi alichimba rangi ndani ya kila mfereji kwa ncha ya msumari, akapasha nondo nyembamba motoni, akaigusisha kwenye kichwa cha skrubu mpaka chuma kikapata joto, kisha akaikaza kidogo kabla ya kuilegeza. Kule kukaza kunavunja kutu. Nimeona vijana wakipambana na skrubu kwa hasira mpaka kuikata, na hawakujua kwamba robo ya mzunguko kuelekea upande usioutaka ndiyo inayoifungua. Kila mlango ulipewa namba kwa chaki, na bawaba zake zikafungwa kwenye kitambaa kilichoandikwa namba hiyo hiyo, juu, kati na chini. Bawaba zilizofanya kazi pamoja miaka mingi zimechakaa kwa namna moja, ukizichanganya zitagombana.

Sasa rangi. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapojiumiza.

Milango yetu ilikuwa na tabaka nyingi. Juu kabisa kahawia iliyopakwa tulipomzika baba na wageni walikuwa wengi. Chini yake rangi ya maziwa. Chini yake kijani, ambayo mama aliikumbuka mara moja: ilikuwa ya siku wakwe walipokuja kwa ajili ya dada yangu mkubwa. Kwenye ile mitatu iliyotoka stesheni, chini ya vyote, palikuwa na kijivu kizito ambacho hakuna mtu wa nyumbani aliyekipaka. Rangi za zamani za aina hiyo, hasa za mafuta, mara nyingi zilichanganywa na madini ya risasi ili zing'ae na zikauke upesi. Risasi haiozi wala haipungui makali kwa umri. Ikikwanguliwa kavu inakuwa vumbi, vumbi linaingia mapafuni na kwenye chakula, na kwa mtoto mdogo inadhuru ubongo. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Viwango vya sasa vya Kenya vinataka rangi isizidi sehemu 90 za risasi kwa kila milioni, lakini kiwango hicho hakirudi nyuma kusafisha mlango uliopakwa kabla hakijawekwa.

Kwa hiyo kazi ya kukwangua ilifanyiwa nje, chini ya mwembe, mbali na jikoni, juu ya karatasi kubwa ya plastiki. Wajukuu walipelekwa kwa shangazi yao. Kuku walifungiwa, maana kuku hudonoa kila kinachometameta na yai lake huliwa na mtoto. Mbao zililoweshwa kwa maji kabla ya kuguswa, na kila aliyekwangua alifunika pua na mdomo kwa barakoa nzuri. Mafundi wetu hupenda kipande cha kioo kilichovunjika, na kwa kweli hakuna kifaa cha dukani kinachokwangua podo vizuri kama ukingo mpya wa kioo, mradi mkono uvae glavu. Msasa ulitumika mwisho kabisa, ukiwa umeloa. Moto hatukuutumia, kwa sababu rangi yenye risasi ikiunguzwa hutoa moshi wenye sumu. Kostiki soda pia fundi aliikataa: huila rangi, ndiyo, lakini huingia kwenye nyuzi za mbao, huifanya nyeusi na yenye manyoya, na hulegeza gundi ya viungo. Maganda yote yalikunjwa ndani ya plastiki ile ile, wala hayakuchomwa wala kutupwa shambani. Nguo za kazi zilifuliwa peke yake.

Mbao ilipotokea, tuliona kitu ambacho rangi ilikuwa imekificha muda wote huo. Kwenye kila kiungo, pale pau ya kulala inapoingia kwenye mti wa kusimama, palikuwa na alama ndogo zilizokatwa kwa patasi: mstari mmoja upande huu na mmoja upande ule, miwili na miwili, mitatu na mitatu. Seremala asiyejulikana jina alikuwa amevipa viungo vyake namba ili kila ulimi urudi kwenye tundu lake. Fundi wetu aliweka kidole kwenye alama hizo kimya, kisha akanieleza jinsi mtu yule alivyofanya kazi. Hakutumia msumari hata mmoja. Kila ulimi ulipita katika mti wa kusimama hadi upande wa pili, na kwenye ncha yake zikapigwa kabari mbili ndogo za mbao ngumu. Ulimi ukatanuka ndani ya tundu na hauwezi kurudi nyuma. Kiungo cha namna hiyo kinaweza kufunguliwa na kurekebishwa. Kiungo cha misumari kinaweza tu kupasuliwa.

Nilijifunza pia kwa nini paneli moja ya mlango wa sebule ilikuwa imepasuka kutoka juu hadi chini. Mbao hupanuka na kunywea kwa upana, wala si kwa urefu. Msimu wa mvua hunyonya unyevu na kuvimba, kiangazi hukauka na kusinyaa. Seremala wa mwanzo alijua hilo, na ndiyo maana paneli ilikaa ndani ya mfereji bila gundi, ikiwa na nafasi ya kusogea. Miaka fulani baadaye mtu aliyetaka kuzuia paneli isigonge-gonge alipigilia misumari pembeni. Paneli ikafungwa pande zote mbili, kiangazi kikaja, ikavuta, ikakosa pa kwenda, ikapasuka. Mtu yule hakuwa mvivu wala mjinga. Alikuwa akitibu kelele bila kuuliza kelele ilitoka wapi, na pengine alifurahia utulivu kwa miezi kadhaa. Fundi aliing'oa misumari, akafungua kiungo kimoja, akatoa paneli, akaiunga kwa gundi kwenye ule ufa peke yake, akairudisha mahali pake iwe huru. Inagonga kidogo mlango ukifungwa kwa nguvu. Mama anasema ndiyo sauti aliyoizoea.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitazama nyumba kwa jicho lingine. Mara nyingi kasoro tunayoikuta kwenye kitu cha zamani haitokani na uzee. Inatokana na tengenezo la haraka lililofanywa katikati, na mtu ambaye hakumwelewa aliyemtangulia. Milango yetu mitano ilikuwa na misumari, puti na saruji zilizoongezwa kwa miaka mingi, na karibu kila kilichokuwa kibaya kilikuwa chini ya mojawapo ya hivyo. Kabla ya kuongeza chochote, fundi alitoa. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kutoa.

Pwani watu wameielewa thamani ya mlango kwa muda mrefu. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na mji wa kale wa Lamu mwaka 2001, na milango yao ya nakshi ni sehemu kubwa ya sifa hiyo. Mafundi wa Lamu bado wanachonga, na milango ya zamani inafuatwa na wanunuzi kutoka mbali. Hilo ni jema. Lakini mlango wa ndani wa nyumba ya kibarua wa reli huku bara hauna nakshi, na hakuna atakayeuwekea kibao. Ukiokolewa, utaokolewa na watu wanaoufungua kila asubuhi. Nadhani hao ndio wenye haki ya kwanza ya kuamua ubadilishwe vipi.

Kuvitia vyote pamoja kulikuwa kazi ya Oktoba, na fundi hakukubali kuharakishwa. Fremu za mukau zilikaa ndani ya nyumba kwanza, zikiegemezwa ukutani, zizoee hewa ya vyumba. Sisi Ukambani tuna mvua mbili, ile ya Machi hadi Mei na ile ya Oktoba hadi Desemba, na ya mwisho ndiyo tunayoitegemea zaidi. Mlango unaokaa vizuri Septemba, nyumba ikiwa kavu kama mfupa, utang'ang'ania fremu katikati ya Novemba. Mwenye nyumba ataita mtu na randa, atauchonga, na ifikapo Februari mwanga utapita pembeni. Fundi alikuwa na kipimo chake: sarafu kati ya mlango na fremu kwa juu na upande wa bawaba, sarafu na karatasi nene upande wa kitasa. Kabla ya kuuning'iniza, alipaka vanishi kingo za juu na za chini za kila mlango, pale ambapo jicho halifiki na wapaka rangi hupuuza. Ncha za nyuzi za mbao ndizo zinazokunywa maji kwa kasi, na mlango uliopakwa pande mbili tu na kuachwa wazi juu na chini utavimba kana kwamba haujapakwa kabisa.

Kuta zetu hazikunyooka. Matofali yaliunganishwa kwa udongo, na plasta ya saruji ilifuata baadaye ikiwa nene hapa na nyembamba pale. Kaka yangu alitaka fremu ifuate ukuta ili ipendeze machoni. Fundi aliteremsha timazi, akatuonyesha ukuta unavyoegemea nje kwa upana wa kidole, akasema mlango hauangalii ukuta, unaangalia ardhi. Fremu ikifuata ukuta ulioinama, mlango utajifungua au kujifunga wenyewe usiku kucha. Alisimamisha fremu wima kwa timazi, na ule mwanya ulioachwa na ukuta akauficha kwa ubao mwembamba uliochongwa kwa mshazari. Ukiangalia kwa makini unaona ubao ni mpana chini kuliko juu. Mimi napenda uonekane. Unasema ukweli kuhusu nyumba. Miguu ya fremu haikuzikwa tena sakafuni. Inakaa juu ya saruji, na vyuma vyembamba vinaishika ukutani.

Matundu ya zamani ya skrubu yalijazwa kwa vigingi vya mbao vilivyopakwa gundi, vikakatwa vikawa sawa na uso wa mlango, kisha yakatobolewa mapya. Makovu ya mlango wa wazazi fundi aliyajaza kwa vipande vya podo alivyovikata kutoka kwenye ubao uliotolewa mlango wa ghala. Kila mlango mzito ulipata bawaba tatu badala ya mbili. Ile ya tatu haiko hasa kwa uzito. Inauzuia mlango usipinde katikati misimu inapobadilika.

Sasa chumba cha mama. Mlango wake ulikuwa na upana wa futi mbili na nusu, kama sentimita 76, na ulifungukia ndani, juu ya kizingiti cha mbao kilichoinuka. Kiegemeo kilipita kwa shida. Dada yangu, ambaye ni muuguzi, alitutaka tuangalie mbele: ikija siku ya kiti cha magurudumu, nafasi ya kupita inatakiwa isipungue sentimita 80 hivi. Akasema pia jambo ambalo halikuwa limetujia akilini. Mtu mzee akianguka nyuma ya mlango unaofungukia ndani, mwili wake ndio unaoufunga, na anayekuja kumsaidia anausukuma mlango dhidi yake. Ameliona mara nyingi kazini.

Mlango wa sebule ulikuwa mpana zaidi. Tukaibadilisha nafasi ile miwili. Fundi alikagua linta ya juu ya chumba cha mama, akaona imeingia ukutani vya kutosha pande zote mbili, akaruhusu upande mmoja wa ukuta ukatwe matofali nusu nusu, taratibu, bila kupigwa nyundo kubwa. Mchanga wa plasta tuliununua kwa aliyekuwa na kibali, maana Makueni ina sheria ya mchanga tangu mwaka 2015, na mito yetu imeshaonyesha kwa nini ilihitajika. Kizingiti kiliondolewa, sakafu ikasawazishwa. Mlango uligeuzwa ufungukie ukumbini, ukining'inia upande wa ukuta ili usizibe njia. Ule mlango wa sebule ulikuwa mmoja wa mitatu ya stesheni, kwa hiyo sasa nao una vizazi vitatu vya bawaba.

Kitasa ndicho kilichotaka mazungumzo marefu. Tangu awe mjane mama amelala peke yake, na kila usiku husukuma komeo la chuma ndani ya mlango. Dada yangu alitaka komeo liondolewe. Mama alikataa, na nilimwelewa. Mtu aliyeishi miaka mingi akiwa na haki ya kujifungia chumbani mwake hanyang'anywi haki hiyo kwa sababu magoti yamechoka. Kitasa cha zamani hakikusaidia, kwa sababu ufunguo ukiachwa ndani ya tundu hauwezi kuingiza mwingine kutoka nje. Fundi aliketi na mama kwenye benchi, wakazungumza kwa Kikamba mambo mengi kabla ya kufika kwenye kitasa. Alimweleza kuna vitasa vyenye kifundo cha kugeuza kwa ndani na tundu la ufunguo kwa nje. Yeye atajifungia apendavyo, na mtu mmoja tu atakuwa na ufunguo.

“Mtu gani?” mama akauliza.

“Utakayemchagua wewe, Mwaitu.”

Alichagua mke wa mdogo wangu, anayeishi upande wa pili wa shamba, na akamkabidhi ufunguo mwenyewe mbele yetu sote, sisi wanawe tukiwa hatukupewa. Kile kitasa cha zamani tulikisafisha kwa mafuta ya taa, tukakipaka unga wa penseli badala ya grisi inayokusanya vumbi, na kitahamia mlango wa ghala.

Matambara tuliyotumia kupaka mafuta ya kitani kwenye milango ya sebule na jikoni yalilowekwa kwenye ndoo ya maji jioni ile ile. Yakiachwa yamerundikwa, mafuta hayo hujipasha joto yanapokauka na yanaweza kuwaka yenyewe usiku. Wengi hawalijui hilo, na nyumba zimeungua kwa ajili yake.

Mlango wa ghala ndio pekee uliobaki. Umeegemezwa ukumbini, umekwanguliwa, kabari zake zimepigwa upya, na fremu yake ya mukau imeshasimama. Fundi anataka mvua ya Novemba ipite kwanza ndipo aupime mara ya mwisho. Mama ameshamwambia namna anavyoutaka: ufungukie nje, ili gunia la mahindi likiteleza ndani lisiuzuie, na kitasa kishushwe kidogo, maana siku hizi mkono wake haufiki juu kama zamani. Fundi ameweka alama mbili za penseli kwenye mbao, moja ya kimo cha zamani na moja ya kipya.